Tupeane uzoefu: siku usukani ulipokukana

Dereva wa Njoro
Wakuu, hamjambo. Asubuhi hii niko chini ya Isuzu yangu hapa Nakuru, nikashika tairodi endi ya kushoto (kile kiungo cha mwisho wa fimbo inayounganisha tairi za mbele) kwa mkono mmoja, nikaitikisa tu kujaribu. Ikalia ko-ko-ko kama meno ya mzee. Na juzi hii gari imetoka Kisumu na tani sita za saruji! Nimebaki nimekaa hapo chini kwa vumbi nikikumbuka mambo. Hebu semeni, nani usukani umewahi kumkana, na dalili zilianzaje?

Taniboi Mstaafu
Umenitonesha kidonda. Nilikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la Fuso FH, tunabeba viazi kutoka Molo kupeleka Kisumu. Magunia 120 ya kilo 50, piga hesabu mwenyewe. Wiki tatu nzima dereva wangu analalamika usukani una usingizi: unauzungusha upana wa kiganja ndipo tairi zinaamka. Mwenye gari jibu lake ni moja, lori la zamani ndivyo lilivyo, wewe endesha.

Siku hiyo tukapita Mau Summit, Londiani, Kericho, mteremko wote ule wa majani chai, salama kabisa. Tukafika tambarare karibu na Awasi. Kuna matuta. Dereva akashuka gia ya pili, tairi la kushoto likapanda tuta, nikasikia "tak". Si mlio mkubwa, ni kama mtu amevunja kijiti cha kuni. Akakata kulia. Usukani ukaenda, ukazidi kwenda, mzunguko mzima, na lori linaelekea kushoto. Hakusema neno. Aliendelea kuuzungusha polepole kama anayekoroga uji, macho mbele, na tairi zinajichagulia njia. Aliyepiga kelele ni mimi na sioni aibu kusema. Breki alizikumbuka tukiwa tayari tumeingia mtaroni, tukalala ubavu juu ya miwa ya watu.

Nilipotambaa chini, draglinki, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi, inaning'inia upande wa pitimani, ule mkono unaotoka kwenye boksi ya usukani. Nati hakuna. Nikarudi barabarani nikaitafuta, nikaiokota kama hatua thelathini nyuma. Kwenye pengo la nati, pale panapokaa splitipini, kumekwama kipande cha msumari. Msumari wa mbao jamani! Fundi wa mwisho alikosa splitipini akafungia msumari.

Shangazi wa Burnt Forest
Wueh. Nimesoma nikishika kiti.

Mkulima Muhoroni
Na viazi?

Taniboi Mstaafu
Magunia kumi na moja hatukuyaona tena. Lakini watu wa pale ndio waliotutoa ndani ya kabini, na chai wakatuletea, siwezi kuwasema vibaya.

Mkulima Muhoroni
Swali langu la kweli ni miwa. Hiyo miwa mliyolalia ilikuwa na mwenyewe.

Fundi Kibuye
Pole sana kaka, ila msumari mnausingizia. Kazi ya splitipini si kushikilia draglinki, ni kuzuia nati isijifungue. Kinachoshika ni ile shina yenye umbo la karoti ikikaa vizuri kwenye tundu lake na nati ikakazwa ikakazika. Hapo tundu lilikuwa limeshalika, shina likawa linatikisika kila tuta, likala msumari kidogo kidogo. Hata ungeweka splitipini ya dhahabu, siku yake ingefika. Ule usingizi wa wiki tatu ndio ulikuwa barua.

Taniboi Mstaafu
Fundi, wewe hukuwa ndani ya hilo lori.

Fundi Kibuye
Sikuwa. Ndiyo maana naweza kufikiri.

Mama Lori Kisumu
Acheni kugombana, mimi niwaambie ya mafundi. Canter yangu ilikuwa inavuta upande. Nikapeleka gereji fulani, nikaambiwa tairodi endi zote mbili zimekwisha. Nikalipa spea mbili na kazi. Jioni naona zimeng'aa nyeusi, raba safi, nikashukuru. Kumbe mimi nina tabia: kila spea ikiingia kwenye gari yangu naipiga tone la rangi ya kucha nyekundu, kwa siri. Wiki ya pili nikainama na tochi. Upande wa kulia, chini ya rangi nyeusi inayobanduka, kuna kitone changu cha mwaka juzi! Walipaka rangi ile ya zamani wakanirudishia. Siku hizi fundi akibadilisha chochote, kile cha zamani nakitaka mkononi kabla sijatoa shilingi.

Kijana wa Miwa
Mama huyo ni mkali 😂 Naenda kununua rangi ya kucha.

Bwana Uzi
Dereva wa Njoro, sikiliza. Lori lisimame chini, injini ikiunguruma, mtu auchezeshe usukani kidogo tu kulia kushoto. Wewe uko chini, unaweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja. Kinachocheza utakisikia kwa ngozi kabla ya jicho kukiona. Halafu zima, piga jeki, weka magogo, shika tairi saa 3 na saa 9 uitikise. Ukimaliza shika saa 6 na saa 12 kutazama kingpini, ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia.

Kijana wa Miwa
Saa za Kiswahili au za Kizungu?

Bwana Uzi
Hesabu zote mbili uone kama zitakupeleka mahali tofauti.

Kijana wa Miwa
...Sawa mzee.

Fundi Kibuye
Na ikicheza juu na chini usikimbilie kununua kingpini. Mtu akanyage breki, utikise tena. Ikitulia, shida ni beringi ya tairi. Ikiendelea, hiyo ni kingpini.

Babu wa Webuye
Mimi tairodi yangu ilichomelewa na inatembea mwaka wa nne.

Fundi Kibuye
Mzee wangu, kwa heshima zote, ukitoka nyumbani tuambie unapita barabara gani.

Shangazi wa Burnt Forest
Uza lori ununue punda. Punda hana tairodi.

Mfanyabiashara Kakamega
Upande mmoja wa tairodi nyuzi zake ni za kushoto, msisahau. Nilining'inia kwenye spana yenye bomba nikidhani imeshika kutu, kumbe naikaza. Pia hesabu mizunguko ukifungua, uandike kwa chaki. Mimi nilihesabu 17, simu ikalia, nikarudi nikafunga 19. Mwezi mmoja tairi za mbele zimelika ndani kama zimekwanguliwa na panga.

Bwana Uzi
Ndiyo maana tairi za mbele napima kwa uzi kama zimenyooka.

Mama Lori Kisumu
Uzi! Peleka kwa mashine, baba.

Dereva wa Njoro
Nimerudi. Nimepata tairodi endi za mtumba kutoka Japani na mpya za dukani, bei karibu sawa. Nichukue zipi?

Fundi Kibuye
Mpya, yenye nipeli ya grisi, kile kitundu cha kupigia grisi. Na pengo la nati likipita tundu la splitipini, kaza mbele hadi pengo linalofuata, usirudishe nyuma.

Babu wa Webuye
Mtumba. Mpya za siku hizi ni chuma cha sufuria.

Dereva wa Njoro
Asanteni, sasa nimechanganyikiwa rasmi. Nimenunua mpya, mbili, na splitipini pakiti nzima. Narudi chini.

Mkulima Muhoroni
Taniboi, bado nangoja jibu la miwa.