Je, ladha ya muziki ya Wakorea inaonyesha kweli maadili yao?

Swali
Ndugu zangu, nimesoma mara nyingi kwamba nyimbo za zamani za Korea, zile za mtindo wa teuroteu, zimebeba *han*, yaani uchungu uliotulia moyoni mwa watu kwa miaka mingi, na kwamba makundi ya muziki ya vijana wa leo yamebeba nidhamu na heshima kwa wakubwa. Maelezo haya yananivutia, lakini nachelea kwamba mtu akishaamua Wakorea ni watu wa namna gani, hatakosa wimbo wa kumuunga mkono. Kuna ushahidi ulio bora zaidi?

Jibu la kwanza
Kuhusu *han*, msingi upo. Wimbo wa machozi ya Mokpo, alioimba Lee Nan-young mwaka 1935 nchi ikiwa chini ya Japani, ulipokelewa na wengi kama kilio cha taifa, ingawa maneno yake ni ya mtu anayemlilia mpenzi bandarini. Hata hivyo, mimi ningetazama zaidi nyimbo zilizopigwa marufuku. Mwaka 1964 Lee Mi-ja aliimba "Dongbaek Agassi", nao ukapendwa mno. Mwaka uliofuata ukazuiwa kwa madai kwamba una ladha ya Kijapani, na haukuruhusiwa tena hadi 1987. Katika miaka hiyo yote serikali ilikuwa na maadili yake na wasikilizaji walikuwa na yao, kwa hiyo anayesema "maadili ya Wakorea" hana budi kueleza kwanza ni Wakorea gani.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu marufuku, ila *han* naona inatiwa chumvi. Mjapani Yanagi Muneyoshi ndiye aliyeeneza, enzi za ukoloni, wazo kwamba uzuri wa sanaa ya Korea ni uzuri wa huzuni, na wapo wasomi wa Korea waliolipinga vikali. Isitoshe, teuroteu hiyohiyo ndiyo iliyowachezesha akina mama ndani ya mabasi ya matembezi, wakiwa wamesimama katikati ya viti huku gari likienda. Wakorea wana neno la hali hiyo pia, *heung*, yaani raha inayopanda mpaka mwili ukashindwa kutulia. Tazama vilevile *noraebang*, vyumba vya kukodi vya kuimbia, ambako wafanyakazi huishia baada ya chakula cha jioni pamoja na bosi wao: kijana mwerevu hujifunza wimbo mmoja wa zamani, si kwa sababu anaupenda, bali kwa sababu wakubwa wataufurahia. Hapo ladha ni adabu tu.

Muuliza swali
Nashukuru. Basi vipi kuhusu makundi ya vijana?

Jibu la tatu
Nidhamu ipo, lakini kwa sehemu kubwa ni nidhamu ya kampuni, ambayo humfundisha kijana kwa miaka kadhaa kabla ya kumpandisha jukwaani. Heshima ya umri nayo inaonekana wazi, kwani mdogo wa kundi huitwa *maknae* na huwasemesha wenzake kama wakubwa zake. Lakini tusisahau kwamba Seo Taiji and Boys, ambao mwaka 1992 walibadili kabisa muziki wa vijana, walitoa mwaka 1994 wimbo ulioshambulia waziwazi shule za Korea na mashindano yake, na vijana wakaushangilia.

Ukitaka kujua umma unathamini nini, mimi ningekuelekeza kwenye suala la jeshi, ambalo kila mwanamume mwenye afya analazimika kulitumikia. Yoo Seung-jun alikuwa mwimbaji aliyependwa sana. Mwaka 2002 alichukua uraia wa Marekani kabla ya kuingia jeshini, akazuiwa kuingia Korea, na hasira dhidi yake haikuisha hata baada ya miaka mingi. Nyimbo zake zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba watu walimwona amekwepa mzigo ambao watoto wao waliubeba. Mwaka 2022, baada ya mjadala mrefu kuhusu kuwasamehe waimbaji wa kundi la BTS wajibu huo, Jin, aliye mkubwa wa kundi kwa umri, aliingia jeshini kama vijana wengine.

Jibu la pili, tena
Mfano huo ni bora kuliko wangu. Naongeza jambo moja tu: teuroteu, iliyodhaniwa kuwa ya wazee, ilirudi kwa kishindo kupitia mashindano ya televisheni ya mwaka 2019 na 2020, na mashabiki wa mwimbaji wake Lim Young-woong, wengi wao wanawake wa umri wa mama na bibi, wakajipanga na kumpigania kijana wao kama mabinti wanavyofanya kwa makundi yao.