AVC (kiharusi) ya papa: dawa za Ayurveda zinasaidia kweli?

Dada_Ruashi
Wandugu wa L'shi (Lubumbashi), bonjour. Papa alipata AVC, upande wa kuume wote ukalala na maneno yanatoka kwa shida. Sasa iko nyumbani, kine (mtu wa kufanyisha mazoezi ya mwili) anakuja lakini franga zinatuishia. Mjomba ametuletea dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Uhindi, mafuta ya kukanda na unga wa kijivu wa kukoroga na asali, na anasema papa aache vidonge vya tansio (presha ya damu) eti vinagongana na dawa. Mama anataka tuanze leo. Mnasemaje?

Muuguzi_Kamalondo
Dada, vidonge asiache hata siku moja, tafadhali!! Tansio ndiyo inaleta AVC kuliko kitu kingine na ukiiachia ya pili inaweza kufika. Mafuta hayana neno, waganga wa Ayurveda wanakanda mgonjwa wa kupooza tangu zamani, wanaita abhyanga, mtu anatulia na misuli inalegea. Ila mupime kwanza mafuta kwa mkono wenu, upande uliolala mara nyingi hausikii moto na atababuka bila kusema kitu. Na mukimgeuza musivute ule mkono, bega linateguka.

Unga wa kijivu ndio unanitia woga. Ayurveda iko na dawa za bhasma, zinatengenezwa na madini ya kuchoma, hata zebaki na risasi. Huko Boston walipima dawa 70 za madukani, matokeo yakatoka 2004, 14 zilikuwa na risasi, zebaki ao arseniki. Sisi watu wa migodi tunaongeza risasi ingine ya nini?

Mukubwa_Katuba
Muuguzi amesema kweli. Muangalie pia kama kuna mulethi ndani, ule muzizi mutamu, réglisse, ukikunywa sana unapandisha tansio na kushusha potasiamu. Na kama papa iko na dawa ya kulegeza damu, daktari aone kila kitu mbele ya kukunywa.

Juu ya franga: kine awafundishe nyinyi watoto. Kusimama kwenye kiti na kukaa, kushika gobele (kikombe) tupu na kuiachia, tena na tena, kila siku. Miezi ya kwanza ndiyo mwili unarudisha mengi, musiipoteze.

Dada_Ruashi
Asanteni sana. Unga nauficha mpaka daktari auone. Lakini mjomba nitamwambia aje, ni mukubwa wetu na alitumia franga zake?

Muuguzi_Kamalondo
Mumupe kazi ya mafuta, akande papa kila jioni yeye mwenyewe, na akimaliza asaidie papa kusimama.