Mama ana baridi yabisi, kaandikiwa methotrexate, shangazi kagoma. Ushauri wenu

MwanaMakorora: Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 71, tupo Makorora, Tanga. Vidole vimevimba, asubuhi hata kifuniko cha chupa ya chai hakimfunguki, na mbuzi ya nazi kaisusa. Daktari kampa methotrexate, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, na folic acid, vitamini ya kupunguza madhara yake. Shangazi kasikia inashusha kinga, kawaka: mwaka jana mgonjwa kaugua nimonia, mnamtafutia nyingine? Mama anasema, "Miye nataka mikono yangu." Nimekwama.

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Hofu ya shangazi ina msingi, lakini baridi yabisi ikiachwa huru nayo huongeza maambukizi, na mzee asiyenyanyuka kitandani kifua humjaa upesi. Methotrexate ya dozi ndogo siyo ninayoiogopa sana. Naogopa prednisolone za kujinunulia, vile vidonge vya steroidi vya kushusha uvimbe. Anazo?

MwanaMakorora: Shikamoo bibi. Anazo kwenye kikopo, jirani humletea. Anameza karibu kila siku.

NesiMstaafu: Marahaba. Hizo ndizo zinazofungua mlango: maambukizi, sukari, mifupa kulika. Ila msizikate ghafla, mwili ukishazizoea atazimia. Kikopo kiende kwa daktari, azipunguze yeye.

Kibwana: Tangawizi na mafuta ya nazi, mambo kwisha 😂

DukaLaDawa: Kibwana tulia. Mkuu, methotrexate ni siku MOJA kwa wiki. Chagueni Ijumaa, andikeni ukutani. Wazee humeza kila siku wakidhani ni kama ya presha, damu inaacha kutengenezwa, wanakufa. Na akiugua asipewe Septrin, ile antibayotiki, zikikutana hizo ni hatari. Figo wamepima? Zikichoka, dawa inabaki mwilini.

Mdigo_wa_Dar: Baba yangu yuko kwenye sindano za adalimumab, dawa nyingine ya baridi yabisi inayoshusha kinga. Kabla ya kuanza walimpima TB na homa ya ini B, maana sindano zile huamsha TB iliyolala. Mama hajafika huko, ila aulizie chanjo ya mafua na ya nimonia mapema. Ya homa ya manjano asichome bila daktari kujua, ile ni chanjo hai, ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

MwanaMakorora: Ahsanteni. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Bombo kupima damu, figo na ini. Akishaanza, homa ikimpata siku ya kidonge?

NesiMstaafu: Asimeze. Homa, makohozi, kidonda chenye usaha: hospitali kwanza, daktari ndiye aseme lini aendelee. Na mtaje methotrexate tangu mapokezi, msingoje kuulizwa.