Ansible kijani tupu, lakini seva zinasema mengine. Nyie mnatesti vipi?

kamba_ndefu:
Wakuu habari za saa hizi. Tuna seva kadhaa za klaudi, Terraform inaziunda halafu Ansible inaingia kupanga ndani, mpaka hapo poa. Sasa Ansible ikimaliza ni kijani tupu, yaani inasema kila kitu sawa, ila ukiingia kwenye mashine mwenyewe unakuta mambo mengine kabisa. Juzi mtu wa usalama katuletea ripoti eti seva moja bado inakubali kuingia kwa mbali (SSH) kwa pasiwedi, wakati kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, imeandikwa wazi `PasswordAuthentication no`, nimeiona kwa macho. Bosi sasa anataka testi za otomatiki, kila mashine mpya ijipime kabla haijapokea watumiaji. Nilitaka niandike skripti ya bash yenye grep nyingi za kutafuta maneno kwenye mafaili ya mipangilio lakini naona kama naandika Ansible mara ya pili. Na hivi `--check` ya Ansible, ile ya kujaribu bila kubadilisha kitu, haitoshi?

fundi_logi:
Hiyo ya SSH ni ya kawaida sana kwenye Ubuntu za klaudi mkuu. Fungua hiyo sshd_config, juu kabisa kuna mstari wa Include unaovuta kila kitu kilichopo `/etc/ssh/sshd_config.d/`, na humo mara nyingi cloud-init, programu inayoiandaa mashine ikiwaka mara ya kwanza, inaacha faili lake `50-cloud-init.conf`. Sasa sshd, programu ya SSH upande wa seva, ikikuta neno moja limepangwa mara mbili inachukua la kwanza, sio la mwisho kama wengi tunavyodhani. Kwa hiyo huko ndani pakiandikwa yes, no yako ya chini ni pambo tu. Grep itakwambia ipo na kweli ipo, ila haifanyi kazi.

Usisome faili, iulize programu yenyewe. `sshd -T` ukiwa root inakupa mipangilio jinsi ilivyotoka baada ya mafaili yote kuunganishwa. Mimi natumia Testinfra, ni zana ya Python ya kutesti seva, inakaa juu ya pytest:

```
def test_ssh(host):
    with host.sudo():
        jibu = host.check_output("sshd -T")
    assert "passwordauthentication no" in jibu
```

Inaingia kwa SSH kama mtu wa kawaida, huinstoli kitu kwenye seva. Kama Python sio yako kuna Goss, ile unaandika YAML tu.

Kuhusu `--check`, hapana. Task za command na shell inaziruka, na hata zile nyingine inalinganisha seva na playbook yako (faili la kazi za Ansible), playbook ikiwa na kosa zote mbili zinakubaliana kwenye kosa hilohilo.

mzee_wa_poti:
Nakubaliana na fundi lakini nusu. Hata `sshd -T` inasoma mafaili upya muda huo unapoiita, ile sshd inayokimbia tangu asubuhi huenda haijafanyiwa reload na bado inaishi na mipangilio ya zamani. Kwenye testi za usalama mimi nasimama nje kabisa, mashine nyingine, napiga hivi:

`ssh -o PreferredAuthentications=none mtu@seva`

Itakukatalia, ndio tunachotaka, ila angalia imekataa vipi. Ikijibu `Permission denied (publickey)` umepona. Ukiona neno password mle kwenye mabano basi mlango uko wazi, faili liseme lisemavyo.

Poti nazo hivyohivyo. Ndani `ss -tln` inaweza kukuonyesha 443 inasikiliza kumbe imefungwa kwenye 127.0.0.1, yaani inasikika ndani ya mashine tu, au fayawoli ya klaudi haijairuhusu, na mtumiaji hapati kitu. Kinyume chake ndio kibaya zaidi, database unadhani ni ya ndani kumbe kuna mtu kaweka 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima iruhusiwe, akasahau kuitoa.

Halafu usitesti kila kitu jamani. Kuandika testi kwamba kifurushi cha nginx kimo wakati Ansible ndiyo imekiweka dakika mbili zilizopita ni kupoteza muda. Testi yenye faida ni kuzima na kuwasha mashine halafu kurudia zote, hapo ndio unakamata huduma iliyowashwa kwa mkono bila enable (ijiwashe mashine ikiwaka) na diski ambayo haimo kwenye fstab, orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka.

dada_wa_plan:
Mmesahau kwamba seva inapita testi leo halafu wiki ijayo mtu anaingia kwenye konsoli anabadilisha kitu "kwa muda". Wekeni cron (kazi ya kujirudia kwa ratiba) ya `terraform plan -detailed-exitcode`, inayolinganisha klaudi na mlivyoandika, ikirudisha 0 hakuna tofauti, 1 imekwama, 2 kuna kitu kimebadilika. Ila msiiamini peke yake. Inaona tu vilivyomo kwenye state yake, kumbukumbu ya vitu inavyovisimamia. Kwenye AWS mkiandika ruli za security group (fayawoli ya klaudi) kila moja kama resource yake, ruli ambayo mtu kaongeza kwa mkono plan haiioni kabisa, inakwambia hakuna mabadiliko. Na ya ndani ya mashine ndio haijui lolote.

kamba_ndefu:
Aisee, nimepiga ile ya mzee na password imo. Na faili la 50 kweli lipo linasema yes 😅 asanteni. Swali la mwisho, nimejaribu Testinfra kwenye mashine mpya, mara inapita mara inafeli, na sijagusa kitu kati.

fundi_logi:
Hiyo unaiwahi mashine. Klaudi ikisema running maana yake imewaka tu, cloud-init bado iko ndani inainstoli vitu vyake. Kabla ya pytest weka `cloud-init status --wait`. Kwenye matoleo mapya ikirudisha 2 badala ya 0 ujue imemaliza lakini kuna kitu kilikosea njiani ikaendelea, fungua `/var/log/cloud-init-output.log` uone ni nini. Usiweke sleep 60 tafadhali.