Tupeane uzoefu: mlikula nini na mliona nini mlipopanda chombo na marafiki?

Kiberiti wa Ntinda
Wadau habari za jioni. Nimerudi Kampala juzi, mabega bado yanabambuka ngozi sababu ya jua la Lamu, na kabla sijasahau nataka tupeane uzoefu. Nyie mliowahi kutembea na marafiki kwa mashua, boti, feri, hata mtumbwi, chakula gani mpaka leo mnakikumbuka na mliona nini? Mambo ya vitanda na wifi ya hoteli wekeni kando. Naanza mimi.

Tulikuwa sita, wanne wa kazini na mashemeji wawili. Basi mpaka Nairobi, treni mpaka Mombasa, basi tena mpaka Mokowe, hapo barabara inaishia unavuka kwa boti. Busia tulipita na vitambulisho vya taifa tu, pasipoti yangu ililala begini safari nzima. Siku ya pili tukakodi mashua ya tanga, nahodha mtu wa makamo na kijana wake mmoja. Kitu cha kwanza walitucheka Kiswahili. Nilisema "mzee leta ile kitu ya kufungia ile nguo" akaniuliza nguo ipi, ndo akaanza kunifundisha hili tanga, ile foromali, huu mlingoti, na mimi miaka yote najiona mjuzi sababu baba alikuwa askari na sisi tulikua na Kiswahili cha kambini.

Sasa chakula. Kinapikwa humohumo ndani ya mashua. Kuna sanduku la mbao limejaa mchanga, juu yake wanaweka seredani, yaani sigiri yetu hii ya makaa, mchanga ndo unazuia moto usile chombo. Tukagawiwa mishipi, mimi sikupata hata utumbo, shemeji akavuta changu watatu na kuanzia hapo hakuna aliyepumua kwa majigambo yake. Yule kijana anampasua samaki mgongoni siyo tumboni, anamfungua akawa bapa, anampaka kitunguu saumu, pilipili, chumvi na ndimu, anamlaza kwenye makaa, halafu anachovya jani kwenye tui zito anampitishia taratibu, tui likidondoka motoni moshi wake wote unakuja usoni kwako na hutaki kusogea. Wali wa nazi ulitoka nyumbani kwa nahodha asubuhi, sufuria imefungwa na kanga, saa saba mchana bado wa moto. Sinia moja watu wanane, kimya kabisa. Mimi ni mtu wa matoke na binyebwa, mchuzi wetu wa karanga, mnanijua, lakini siku ile nililamba vidole mbele za watu.

Baadaye Takwa, kisiwa cha Manda. Ni mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, zimebaki kuta, mibuyu na msikiti wenye nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Wenyeji wanasema visima viliingia chumvi watu wakahamia Shela. Njia yake ndo yenyewe sasa, mkondo umebanwa na mikoko huku na huku, huingii mpaka maji yajae, na sisi tukang'ang'ana na picha mpaka maji yakaanza kupwa. Tukashuka tukasukuma mashua, tope mpaka magotini, ndala moja ya rafiki yetu iko kule mpaka sasa hivi naandika. Nahodha hakugomba, aliuliza tu kama picha zimetoka vizuri.

Haya, nani anafuata?

Nakiwogo Damu
Ssebo hongera lakini mnavuka mpaka mkiacha ziwa mlangoni. Sisi tulienda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, watu watano, tukapanda feri ya MV Kalangala hapo Nakiwogo saa nane mchana tukafika Lutoboka jua linazama. Ndani ya saa ya kwanza unakata ikweta na hakuna anayekwambia! Hakuna lile duara la kupigia picha kama Kayabwe. Mwenzetu mmoja akafungua ramani ya simu tukawa tunaangalia namba zinashuka, zinashuka, zikagonga sifuri, tukapiga kelele feri nzima ikageuka, mama mmoja mwenye kuku miguuni akauliza kuna mtu ameanguka majini?

Kilichotukera: tumefika sehemu ya kulala (jina nabaki nalo) tukaagiza samaki, tukangoja saa mbili na nusu, eti samaki hakuna, kuna kuku. Kisiwani! Katikati ya ziwa! Asubuhi tukashuka mwaloni tukaelewa, sangara wakubwa wanapakiwa kwenye barafu kabla hujaamka, wanaenda viwandani, mnofu unaenda kuliwa Ulaya. Hapo mwaloni kuna mama ana karai la mafuta anakaanga ngege (sato) na mgongo wazi, ule mfupa wa sangara uliobaki baada ya kutolewa mnofu. Msidharau mgongo wazi. Nyama iliyojificha kwenye mashavu na kando ya uti ni laini kuliko mnofu wenyewe, unachokoa na vidole, chumvi kidogo, muhogo wa kuchemsha pembeni. Tulikula hapo siku tatu mfululizo, yule mama akaanza kutuita wakwe zake.

Kuogelea sikuogelea, kichocho kipo. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, jioni moja waliingia kwenye chai yangu wote.

Mama Toto Arua
Swali dogo wapendwa, ziwa nalo ni pwani? 😂

Nakiwogo Damu
Nyabo lina mawimbi, lina mchanga, lina samaki, unataka nini tena, chumvi? Ntakununulia.

Mama Toto Arua
Hahaa basi na mimi naleta mto. Tulienda maporomoko ya Murchison kikundi cha wamama wa akiba na mikopo, boti kutoka Paraa kupanda juu. Viboko wengi mpaka unaacha kuhesabu, mamba wamelala mdomo wazi, tembo wanakunywa. Ukikaribia unaona povu linaelea majini kabla hujasikia mngurumo. Nile yote ile inabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 halafu inajitupa chini mita 43. Tulikuwa tumepiga vigelegele njia nzima, pale tukanyamaza. Chakula cha boti kilikuwa sandwichi kavu sina la kusema. Lakini kurudi nyumbani tukasimama Pakwach tukanunua samaki angara wa kukaushwa, nikafika nikampika na binyebwa na posho (ugali), hiyo ndo nahesabu chakula cha safari.

Afande Mstaafu
Vijana mnaandika vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyetaja jaketi za kuokolea. Ile boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono 2018 iliua watu zaidi ya 30, nao walikuwa marafiki wanakula na kucheza muziki. Vaa kabla chombo hakijatoka, na kikijaa shuka, hata kama ulishalipa. Endeleeni.

Kiberiti wa Ntinda
Kweli kabisa afande. Lamu tulipewa ila zilikuwa zimewekwa chini ya mifuko ya makaa, tukazitoa wenyewe.

Mkiga wa Kabale
Ziwa Bunyonyi hamjafika ndo mnaongea. Nilileta marafiki wanne kutoka Kampala, watu wa magari hao, nikawapa mtumbwi wa gogo na makasia wakasema hii ni kazi ndogo. Dakika ishirini mtumbwi unazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, watoto wanaoenda shule wanawapita na mitumbwi yao wanapunga mkono. Visiwa 29, asubuhi ukungu unakaa juu ya maji vinaonekana vichwa tu. Tulipita Akampene, kile kisiwa cha adhabu, kidogo sana, nyasi na mti. Zamani msichana akipata mimba kabla ya ndoa anaachwa pale afe njaa au kuzama, na mwanaume asiye na mahari alikuwa anaenda kumchukua akamuoa bure. Bibi yangu alikuwa akipita hapo hageuzi shingo. Wageni wangu walitaka kushuka wapige selfi, nikakataa, wakanuna kidogo.

Chakula pale ni kamba wa ziwani, wale wenye makucha kama kaa mdogo, wanawakaanga na vitunguu na nyanya, au wanawajaza kwenye nusu ya parachichi. Kazi ni kumenya, kilo nzima inakupa nyama ya kiganja. Kushushia, bushera baridi, kile kinywaji chetu cha mtama.

Binti Kasenyi
Yangu fupi. Kinamasi cha Mabamba, tulienda kumuona yule ndege mkubwa wa mdomo kama kiatu. Tulikuwa na rafiki yetu wa Mwanza, mwongozaji akasema "huyu chakula chake ni mamba". Jamaa akashika ukingo wa mtumbwi na mikono miwili, ndege gani anakula mamba? Na mamba wako wapi, hapa chini yetu? Mpaka tukamwelewesha kwamba huku mmamba ni yule samaki kamongo. Ndege tukamuona kwenye saa moja baadaye, kasimama kwenye mafunjo hajatikisika, ukidhani sanamu, mara akajitupa kichwa mbele akaibuka na kamongo anajipinda mdomoni. Wavuvi wa zamani walikuwa wakisema ukimuona huyo siku hiyo nyavu zinarudi tupu.

Mchana tukaletewa kamongo wa moshi kwenye mchuzi. Mtamu, ana mafuta. Ila dada mmoja kati yetu ni wa ukoo wa Mmamba, samaki huyo kwao ni mwiko, hamli, na akahamisha na kiti chake kabisa asisikie harufu. Yeye alikula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai.

Nakiwogo Damu
Kiberiti turudi kwako, hiyo mashua mlikodije? Tunataka kwenda mwezi wa tano.

Kiberiti wa Ntinda
Mwezi wa tano sikushauri, ni mvua na kusi inapuliza, bahari inachafuka. Sogezeni mpaka mwisho wa mwaka kaskazi ikianza. Kukodi, usimpe hela mtu anayekupokea gatini. Sisi tulimpa mmoja kishika nafasi, akatuambia anaenda kuchukua chenji, mpaka leo. Shuka mwenyewe ukaone chombo, ongea na nahodha, na mkubaliane kabisa samaki na makaa ni vya nani, maana ukiacha hivyo jioni hesabu inapanda. Na mkate wa mofa nunueni asubuhi sana mpande nao, saa tatu umeisha.