Wakuu msaada: kamera imemnasa dogo wa dukani anaiba, nitunzeje ushahidi mahakama isije ikaukataa

Mzee wa Kaunta
Habari za saa hizi wakuu. Nina duka la spea za pikipiki Mbagala, majuzi nahesabu stoo mzigo haulingani na daftari, nikarudisha kamera nyuma namuona dogo anatoa betri na matairi usiku. RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo ila mpelelezi kasema atakuja wiki ijayo, na DVR yangu (mashine inayohifadhi video za kamera) inajifuta yenyewe kama baada ya siku 14, leo ya 9. Video nimeirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini nikairusha grupu la familia. Pia kaacha simu ya kazi, nahisi ina chati na mnunuzi ila ina loki, kuna fundi Kariakoo anasema anaitoa. Nifanyeje?

fundi_kamera
Hiyo ya simu baki nayo kama kumbukumbu tu, WhatsApp inabana video na jina la faili linabadilika, wakili wa dogo atakuuliza orijino iko wapi. Leo leo zima DVR kwenye menyu, usichomoe waya tu, toa hadi diski uweke nyingine duka liendelee kurekodiwa. Ile ya zamani usiirudishe, DVR ikikuomba kufomati ukabonyeza ndiyo umekwisha.

Binti Pangani
Saa ya DVR iko sawa kaka?

Mzee wa Kaunta
Iko mbele dakika 47 dada, ndo nataka niirekebishe

Binti Pangani
USIIGUSE!! Piga kwanza picha skrini ya DVR na simu yenye saa sahihi zikiwa pamoja, andika tofauti. Vinginevyo dogo ataleta shahidi kwamba muda huo alikuwa nyumbani anakula.

Mla Mihogo
Mnamchosha mzee, apeleke simu kwa fundi itolewe loki yaishe

fundi_kamera
@Mla Mihogo fundi wa hivyo mara nyingi anaiflashi, simu inarudi kama imetoka dukani na chati kwaheri. Mzee usibahatishe neno la siri, iache kwenye chaji, na kama inakubali bila kufungua iweke hali ya ndege (flight mode) dogo asije akaifuta akiwa mbali.

wakili wa kijiweni
Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakikatai ushahidi eti kwa sababu ni wa kielektroniki, ila mahakama itaangalia ulitengenezwaje, ulitunzwaje, kama unaaminika. Na Mahakama ya Rufani kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 ilishataka mlolongo wa kielelezo uandikwe, nani kakamata, nani kakaa nacho, kamkabidhi nani, kiwe cha kushikika au cha kielektroniki. Kwa hiyo andika siriali namba ya diski, tarehe na saa uliyoitoa, bahasha, gundi, saini ya shahidi. Mpelelezi akija siriali hiyo hiyo iingie kwenye hati ya kukamata mali, na nakala ubaki nayo.

fundi_kamera
Na ukipata faili kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Utapata mstari wa herufi na namba 64, uandike daftarini. Faili likiguswa hata kidogo mstari unabadilika.

Mzee wa Kaunta
Diski imetoka, mama wa duka la jirani kasaini. Video nimeifuta grupu ila shemeji kashaiweka status 😩

Binti Pangani
Aitoe sasa hivi, mnunuzi akiiona hizo betri hamzikuti.