Madoa ya jangwani: rangi sita, tatu au mbili kwa kibanda cha picha?

Kihesa_Lenzi: Kamwene wakuu. Nashona kibanda cha kujifichia nipige picha za ndege, Jumamosi nalipia kitambaa. Nimebakiza mitindo mitatu ya madoa ya kijeshi ya kujifichia jangwani: Wamarekani rangi sita, Wamarekani rangi tatu, au Waingereza rangi mbili. Ipi?

Mwanjelwa: Mkuu, hujasema wapi wala mwezi gani. Nyanda za juu za Kitulo mwezi Februari ni kijani kitupu. Na ndege watakuwa umbali gani?

Fundi_Turubai: Rangi sita usiiguse. Ilichorwa kufuata jangwa la California lenye kokoto, ndiyo maana ina vidoa vyeusi vyenye weupe pembeni, kama kijiwe na kivuli chake. Vita vya Ghuba 1991 askari wakaivaa kwenye mchanga usio na vijiwe hivyo, vidoa vikawa ndivyo vinavyoonekana. Halafu kuchapa rangi sita ni ghali. Wakahamia rangi tatu: mchanga, kahawia na kijani kilichofifia, mabaka mapana.

Isimani: Mabaka mapana ndiyo yanayovunja umbo kwa mbali. Vidoa vidogo, ukirudi nyuma vinayeyuka kuwa rangi moja. Waingereza wana kahawia juu ya mchanga tu, na inatosha. Ile yao ya awali ya rangi nne walikuwa wameshaiuzia Iraq!

Kihesa_Lenzi: Pawaga, Iringa, nje ya hifadhi, mwezi wa tisa. Mchanga wa mto na nyasi kavu. Mita 20 hivi.

Mwanjelwa: Basi rangi tatu. Ila usifulie sabuni ya kung'arisha: dawa yake hugeuza mwanga tusiouona kuwa wa bluu, kitambaa kikang'aa kuliko vitu vya pembeni.

Fundi_Turubai: Na sheria je? 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, lilitoa siku 7 raia wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Achana na madoa ya dukani. Chukua kitambaa cha marekani (pamba isiyochapwa), fua itoke wanga, paka rangi ya maji isiyong'aa, kopo 1 kwa maji 2, kwa sponji. Ikiwa nzito hupasuka kwenye mikunjo. Msingi mchanga, mabaka ya kahawia upana wa viganja viwili, yavuke mishono na kona. Kona iliyobaki rangi moja ndiyo itakayokuuza.

Isimani: Marekani iliyopakwa hukakamaa, upepo wa Pawaga ukiipiga inalia pwaa, ndege wote wameondoka. Heri kuichemsha kwenye majani ya chai, ibaki laini.

Fundi_Turubai: Chai inapauka kwa jua, kaka. Aivute kwa kamba nne, haitalia.

Mwanjelwa: Kwani kibanda kina urefu gani? Hilo nalo hajasema.